Uso Uliogeukia Begani

Watu wa Likombe walishazoea kuamka na mlio wa tezo la Faustino. Hata jogoo, alisema Hemedi seremala, siku hizi husubiri asikie mti unagongwa ndipo awike, maana anaona aibu kumtangulia fundi. Hemedi ni Myao, na Faustino ni Mmakonde ambaye baba yake alivuka Ruvuma na tezo kiunoni bila kitu kingine cha maana. Kwa hiyo walikuwa watani, na mtani hakosi la kusema.

Kwa miaka mingi Faustino alichonga vile vinavyonunuliwa: tembo wa kukaa kiganjani, twiga wenye shingo nyembamba, vinyago vya kutundika ukutani. Alivipeleka Mikindani kwa wageni wanaokuja kutazama majumba ya mawe. Hakuwa na la kulalamikia. Tembo hao walimsomesha mwanawe Elisha na wakaezeka nyumba kwa bati. Lakini mkono wa fundi una njaa yake, na njaa hiyo tembo hawaishibishi.

Basi siku Shamimu, mkutubi wa maktaba mpya ya Ufukoni, alipokuja bandani kwake akiwa ameshika mkoba kifuani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa, Faustino aliweka tezo chini akamsikiliza.

"Nataka kitu cha kusimama mlangoni, baba," alisema Shamimu. "Kinachohusu mambo ya zamani na mambo ya sasa."

"Yanapigana au yanapatana?"

Shamimu alikuwa mtu aliyezoea kuzungumza na vitabu kuliko watu. Alitazama vumbi la mpingo lililojaa sakafuni, akafikiri.

"Hilo nakuachia wewe."

Faustino alikuwa na gogo moja la mpingo alilolihifadhi nyuma ya kitanda tangu zamani, akilitunza kama mtu anavyotunza sanda. Alilitoa. Akaketi chini, akatawanya miguu, akalibana gogo kwa nyayo zake mbili, akaanza. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na baba yake alifundishwa hivyo hivyo. Unyayo unashika, mkono unachonga.

"Bwana we," Hemedi alimwambia akipita, "mimi nina jiliwa pale mezani. Linabana mti wala halichoki. Wewe unabana kwa nyayo kama kima anayekula hindi la watu."

"Jiliwa ni chuma. Chuma hakisikii mti. Unyayo unausikia."

"Na ukisikia, unakwambia nini?"

"Unaniambia Wayao ni wengi wa maneno."

Kinyago kikatoka polepole. Alikuwa mwanamke mzee amesimama, amembeba mtoto mgongoni kwa mbeleko. Mdomo wake wa juu ulikuwa na ndonya, kile kigingi cha mti cha pambo, na shavuni zilipita nembo, mistari ya chale waliyochanjwa wanawake wa zamani. Mtoto alikuwa amechungulia juu ya bega la kushoto, ameshika simu, macho yake yote yameingia ndani ya simu ile. Mkono mmoja wa yule mzee ulipita nyuma ukashika mguu wa mtoto. Na uso wake haukutazama mbele. Ulikuwa umegeukia begani, upande usio na simu, hata kidevu kikakaribia kugusa mfupa wa bega. Shavu la kushoto pekee ndilo lililoonekana lote.

Ikawa kila apitaye analo lake. Hemedi alisema bibi huyo anatafuta kuku aliyepotea. Wanawake waliokwenda kisimani walisema amechukia, amembeba mjukuu kutwa nzima na mjukuu hana hata habari naye. Dereva mmoja wa bodaboda alisimama, akazima pikipiki, akatikisa kichwa: "Hapa umetusema, mzee. Umesema mila imeipa simu kisogo."

Faustino alicheka tu. Ukweli ni kwamba hakujua. Alianza kuchonga mwanamke mzee, na uso ulipofika ukaja umegeuka. Alijaribu kuufikiria ukitazama mbele, na akilini mwake pakawa peusi kama ndani ya chungu.

Shamimu naye alikuja kuona. Alizunguka kinyago, akainama, akatazama ule mkono wa nyuma.

"Mimi sidhani kama anaikataa simu," alisema, na sauti yake ikapata nguvu kidogo. "Angeikataa angemshusha mtoto. Angalia mkono. Akiuachia mkono huu, mtoto anaanguka, na simu inaanguka naye. Mtoto haangalii kinachomshika, lakini ndicho kinachomwezesha kuangalia."

Faustino alikuwa ameuacha mkono ule pale ili mguu wa mtoto usije ukavunjika njiani wakati wa kusafirisha. Lakini aliposikia maneno ya yule binti alitazama upya, akaona ni kweli, kwamba mkono unashika, na hakuweza tena kuuona kama kishikizo cha mguu. Akafurahi kama mtu aliyeonyeshwa chumba ambacho hakujua kimo ndani ya nyumba yake.

"Na uso?" Shamimu aliuliza. "Kwa nini amegeuka, baba? Wageni wataniuliza, na mimi ndiye nitakayesimama pale kueleza."

"Ngoja kwanza kiishe," alisema Faustino. "Mti ukiisha husema wenyewe."

Hakikuisha kabla ya Odete kukiona. Odete, mkewe, hakuwa na desturi ya kuingia bandani. Vumbi la mpingo humpigisha chafya mpaka machozi. Siku hiyo alileta uji mwenyewe. Aliuweka chini, akainua macho, akabaki amesimama na kata mkononi.

"Baba Elisha. Huyu ni mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu! Shavu hili si lake? Sikio hili si lake, na hilo tundu la hereni lililochanika? Umemchonga mama yangu."

Faustino alitazama kinyago kana kwamba kimeletwa na mtu mwingine. Alikuwa ni yeye. Alikuwa Mama Carlota wa Mahurunga, mama mkwe wake, kuanzia ukosi hadi kidevu.

Asiyejua adabu za familia ile atauliza kuna ubaya gani. Kwao, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, hawaitani majina, na wakikutana njiani mmoja huingia porini mwenzake apite. Hiyo si chuki. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote walizonazo. Faustino aliishika adabu hiyo hadi watu wakamtania. Mwaka wa kwanza wa ndoa yake alikutana na Mama Carlota ghafla kwenye uchochoro wa Mikindani, na kwa kuwa pande zote ni kuta za mawe na hapakuwa na pori la kuingilia, alijitosa dirishani kwa muuza kanga akaangukia katikati ya doti mpya za sikukuu. Hadithi hiyo ilimtangulia Likombe kabla yeye mwenyewe hajafika.

Na sasa mtu huyo huyo amemchonga mama mkwe wake.

"Nilikuwa sijui," alisema.

"Mkono wako ulijua." Odete aliketi. Hakuwa amekasirika, alikuwa anaogopa. "Kuchonga ni jambo moja. Ulimshika na nini, Baba Elisha, ulipokuwa unamchonga?"

Faustino alitazama nyayo zake. Zilikuwa nyeusi kwa vumbi la mpingo.

"Umemkanyaga mama," alisema Odete taratibu.

Uji ulipoa bila kuguswa. Maktaba ilikuwa ifunguliwe Jumamosi, na Mama Carlota alikuwa anakuja kwao Alhamisi, kama ajavyo kila mwaka korosho zikishauzwa. Kumficha haikuwezekana, maana mji mzima ungeona kinyago na mtu angemwambia. Faustino alikaa na jambo hilo mpaka jua likahama kwenye paa la banda, kisha akasema, "Mwonyeshe. Mweleze yote, na la miguu pia. Akikataa, hakiendi maktaba."

"Na Shamimu?"

"Nitamchongea tembo."

Alilisema kwa utani lakini halikumchekesha mtu. Ilikuwa kazi bora aliyowahi kuifanya na wote wawili walijua.

Alhamisi Mama Carlota alifika na gunia la mihogo na kuku wawili waliofungwa miguu. Alikuwa mwembamba, mrefu, na sauti yake ilikuwa imezoea kuitana na watu wa ng'ambo ya mto. Faustino alisikia sauti hiyo akajibanza nyuma ya ukuta wa jiko.

"Odete, mwambie mumeo nimefika salama."

"Mama anasema amefika salama," Odete aliuambia ukuta.

"Mwambie mama shikamoo."

"Anakuamkia, mama."

"Marahaba. Mwambie atoke huko, moshi utamkausha kama dagaa. Mambo uliyonieleza njiani hayazungumziki na ukuta."

Faustino akatoka kinyumenyume. Akaketi juu ya kinu kilicholazwa, mgongo wake kwa mama mkwe, uso wake kwenye mkorosho wa uani. Odete akaondoa gunia lililofunika kinyago, ambacho walikuwa wamekitoa uani.

Kuku mmoja alijaribu kusimama, akashindwa. Faustino aliyahesabu majani ya mkorosho akapotea, akaanza tena.

"Odete. Muulize mumeo nembo zangu amezipata wapi."

"Mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie mama nimeziona nikipita."

"Akipita! Kumbe kuinamisha kichwa kote kule alikuwa anachungulia?"

"Mwambie mama si kuchungulia. Jicho ni jicho, halina pazia pembeni."

Odete alifunika mdomo kwa upande wa kanga. Mama Carlota alisogea, akapitisha kidole kwenye shavu la mti.

"Hii ya chini ameipinda. Mama aliyenichanja alikuwa na mkono ulionyooka, asimsingizie marehemu. Na ndonya mimi niliitoa zamani, mdomo ukabaki mtupu. Mwambie amenirudishia. Ahsante yake." Kisha akazunguka upande wa pili wa kinyago, akainama, akachungulia kati ya uso na bega. "Ehe. Na huku je? Muulize shavu langu la pili limekwenda wapi. Watu watasema nilizaliwa na moja."

Swali lile Faustino alikuwa amejiuliza mwenyewe, na sasa jibu lilikuja lenyewe, jepesi kama unyoya.

"Mwambie mama, hilo sijawahi kuliona."

"Tangu harusi?"

"Tangu harusi."

Mama Carlota akaanza kucheka. Alicheka akaketi, akacheka akiwa ameketi, akapangusa macho kwa kanga. Odete naye akashindwa kujizuia.

"Mnajua kwa nini?" alisema alipopata pumzi, na safari hii hakumwambia Odete amwambie mtu. "Mimi hukaa pale kwenye kibaraza. Yeye akija kutoka bandani na kichwa chini, mimi nageukia ukutani, nampisha. Kila mara ni upande huo huo. Yeye ananiheshimu kwa kuinama, mimi namheshimu kwa kugeuka, na shavu hili moja ndilo linabaki nje. Basi ndilo alilolichonga. Huyu hajachukia, jamani. Wala hajakataa simu ya mtu. Huyu anampisha mkwe."

Mkono wa Faustino haukumvunjia mtu heshima. Ulichonga heshima yenyewe, kwa sababu ndiyo pekee uliyowahi kuiona. Angekuwa na uso mzima wa mama mkwe wake kichwani, hapo ndipo lingekuwapo la kuulizwa.

"Angenichonga natazama mbele," alisema Mama Carlota kama aliyesikia wazo lile, "leo tungepikia kuni za mpingo."

Kisha sauti yake ikatulia, na Odete akaacha kucheka.

"Sasa la miguu. Odete, mwambie mimi ni binti wa mchongaji. Najua mti hushikwa na nini. Kilipokuwa gogo kilikuwa gogo, na gogo halina mama. Lakini sasa kina uso, na mwenye uso hakanyagwi. Hiyo nembo aliyoipinda ainyooshe. Asiinyooshe kwa kunibana na nyayo. Akinigusa na mguu tena, nakibeba kinyago changu, nakwenda kukizika Mahurunga."

Faustino aliujibu mkorosho: "Mwambie mama nimesikia."

Hakulala raha. Ijumaa ndiyo siku pekee iliyobaki, na tangu utotoni hakuwahi kuchonga mti uliosimama. Nembo ni kazi ya ncha ya patasi. Mkono ukiteleza kidogo, shavu limechanika, na shavu la mpingo haliungwi. Kwa miguu asingekuwa na wasiwasi. Bila miguu alikuwa kama mtu anayeambiwa aandike kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi alikibeba kinyago mikononi, kifuani, kama mtu anavyombeba mgonjwa, akaenda kwa Hemedi.

Hemedi alimwona tangu mbali. Akaweka randa chini, akakung'uta mikono, akakaa mkao wa mtu aliyeisubiri asubuhi hiyo maisha yake yote.

"Karibu, karibu fundi mkuu. Umepotea njia? Huku kuna chuma, bwana. Chuma hakisikii mti."

"Hemedi, sema yote sasa hivi uyamalize, maana nikianza nataka kimya."

"Siwezi kuyamaliza, ni mengi." Lakini alipoelezwa aliacha utani, akafuta taya za jiliwa kwa kitambaa safi, maana na yeye ana mama mkwe.

Kabla hawajakibana, Odete akafika anahema. Mama yake alikuwa amevua kanga yake ya mabegani akaituma. Ifungwe kiunoni mwa kinyago, alisema, chuma kisimguse mtu mwili mtupu. Wakaifunga. Jiliwa likakaza taratibu juu ya kitambaa, na yule bibi wa mpingo akasimama mezani kwa seremala, amevaa kanga, amemgeuzia Hemedi kisogo.

Faustino alisimama mbele yake. Aliweka ncha ya patasi kwenye mstari uliopinda, akaiondoa. Akaiweka tena. Mti ulikuwa mbali, hakuusikia. Akasogea, akaegemea meza kwa tumbo, akashusha pumzi, akagonga kidogo kwa kiganja. Mtikisiko ukapita kwenye mti, ukaingia kwenye meza, ukamfika mbavuni.

Akagonga tena.

Hemedi alisimama kando bila neno, kitu ambacho mkewe baadaye alikataa kukiamini. Kazi ya kunyoosha mstari mmoja ilichukua muda wa kuiva maharage. Mahali pamoja, karibu na kona ya mdomo, patasi ilizama kuliko alivyotaka. Faustino alisimama akapatazama. Palikuwa kama kunyanzi la mtu anayejizuia kucheka. Akapaacha.

"Vipi," Hemedi aliuliza kwa sauti ya chini, "unausikia?"

"Unasikika mbavuni."

"Nitakuuzia jiliwa."

"Niazime kwanza."

Jumamosi maktaba ya Ufukoni ilijaa. Palikuwa na viti vya plastiki, zulia jekundu lililotandikwa kwenye ngazi, na harufu ya pilau kutoka nyuma. Kinyago kilisimama kando ya mlango, kimeng'arishwa kwa msasa na rangi ya viatu, na pale ambapo gogo lilikuwa jembamba, simu ya mtoto ilikuwa imetokea kwenye mti mweupe unaouzunguka moyo mweusi wa mpingo, ikang'aa peke yake katika weusi wote ule. Watu waliisifu. Faustino hakuwaambia kuwa pale mti mweusi ulimwishia tu.

Shamimu alieleza habari za mkono mbele ya watu wote. Mwanzo aliongea na karatasi, kisha akaongea na kinyago, na mwisho akaongea na watu, na walimsikia hadi waliokaa nyuma. Alipofika kwenye uso alisema, "Kuhusu uso, fundi anajua," akamtafuta kwa macho. Lakini Faustino hakuwapo kitini. Mama Carlota alikuwa amekaa mstari wa mbele, kwa hiyo mkwe wake alikuwa amesimama nje nyuma ya bajaji iliyoegeshwa. Hata angekuwapo asingeweza kusema yule ni nani. Jina la mama mkwe halitajwi hadharani.

Utepe wa mlangoni ukakatwa. Mgeni rasmi, bwana mnene wa kutoka halmashauri, alipanda ngazi, akasimama mbele ya kinyago, akaziba mlango wote. Nyuma yake foleni ikasimama.

"Huyu mama mbona amenipa kisogo?" aliuliza kwa sauti, akitabasamu huku na huku. "Amenikasirikia nini?"

Kabla Shamimu hajajibu, mwanamke mmoja mrefu mwembamba alikuwa ameinuka mstari wa mbele, amesimama kando ya mlango, upande ule ule wa kinyago.

"Hajakasirika, mwanangu," alisema Mama Carlota. "Kwetu mkwe akifika, mama mwenye nyumba hugeuza uso pembeni ili apite bila haya. Kila anayeingia humu amepewa heshima ya mkwe. Sasa wewe umepishwa, umesimama tu." Akageuza uso wake pembeni, shavu la kushoto kwa watu, akanyoosha mkono kuelekea ndani. "Pita, baba."

Mgeni rasmi alitazama uso wa mti, akatazama uso wa mtu. Akainamisha kichwa, kwa namna ambayo pengine hakuipanga, akapita. Foleni nzima ikapita nyuma yake, na wengi waliinama, wengine wakicheka, na kina mama wa Kimakonde wakapiga vigelegele.

Nyuma ya bajaji Faustino alikuwa amesikia kila neno. Alisubiri mpaka watu wote wakaingia, mpaka Mama Carlota naye akaingia na kukaribishwa sahani ya pilau. Ndipo akatoka, akapanda ngazi, akainama mbele ya shavu la mpingo kama anavyoinama uani kwake, akaingia kutazama vitabu.